Hao wanawake ni wangapi? Tathmini ya zana ya uchambuzi ya Afrobarometer kwa mtumiaji wa Dodoma

Miaka michache iliyopita, katika semina ndogo iliyofanyika hapa Dodoma, niliwasilisha mchoro wa nguzo wenye rangi nne, uliopangwa vizuri, ukionyesha jinsi wanawake wa mkoa huu wenye elimu ya sekondari na kuendelea wanavyotofautiana na wenzao wasiofika huko katika imani yao kwa wabunge. Tofauti ilikuwa kubwa, nami nilikuwa nimekwisha kuijengea maelezo ya kurasa mbili. Mzee mmoja aliyestaafu kazi ya takwimu aliniacha nimalize, akavua miwani yake, akauliza, "Mwalimu, hao wanawake waliosoma ni wangapi?" Sikujua. Nilirudi kwenye kompyuta mbele ya watu wote, nikatafuta mahali ambapo asilimia hugeuzwa kuwa idadi ya watu, na namba iliyotokea haikufika kumi.

Kosa lilikuwa langu, wala si la zana iliyonipa mchoro ule. Hata hivyo tangu siku hiyo nimeitumia zana hiyo kwa jicho jingine, na kwa kuwa wanafunzi wa sayansi ya siasa, maofisa mipango wa halmashauri na waandishi wa habari wa mji huu wanazidi kuikimbilia, nimeona vyema niandike inachotoa, inachodai kwa mtumiaji, na mahali ambapo inaweza kumtia aibu kama ilivyonitia mimi.

Afrobarometer ni mtandao wa utafiti wa maoni ulioanza mwaka 1999 chini ya wanasayansi ya siasa watatu: Michael Bratton, Robert Mattes na E. Gyimah-Boadi. Mzunguko wake wa kwanza wa mahojiano ulifika nchi 12, Tanzania ikiwa mojawapo, na mzunguko wa tisa, uliofanyika kati ya mwaka 2021 na 2023, ulifika nchi 39. Makao yake makuu yapo Accra, Ghana, na hapa nchini kwa miaka mingi mshirika wake amekuwa REPOA, taasisi ya utafiti wa sera iliyopo Dar es Salaam. Wahojaji hawapigi simu wala hawatumi fomu kwa barua pepe, bali hubisha hodi mlangoni, hukaa na mtu mmoja mwenye umri wa miaka 18 au zaidi, na kumsomea dodoso refu kuhusu uchaguzi, uongozi, huduma za jamii, rushwa, uchumi na hali ya maisha.

Huduma ninayoitathmini ni ile inayopatikana kwenye tovuti yao, ambapo mtu yeyote, bila kulipa chochote, huchagua nchi, huchagua mzunguko, huchagua swali, kisha huyagawa majibu kwa jinsia, umri, elimu, mkoa au makazi ya mjini na vijijini. Jedwali hutokea, mchoro hutokea, na vyote viwili vinaweza kupakuliwa. Anayetaka kwenda mbali zaidi hupakua data ghafi, yaani majibu ya kila mhojiwa, katika muundo wa programu ya takwimu ya SPSS, ambao pia hufunguka katika programu za bure kama R na PSPP. Ila data ghafi za kila mzunguko huwekwa wazi baada ya takribani mwaka mmoja tangu kazi ya uwandani kumalizika, kwa hiyo anayesubiri za jana asubiri kwa utulivu. Gharama ya kweli ni bando, muda, na uwezo wa kusoma Kiingereza au Kifaransa, na juu ya jambo hilo la lugha nitarudi.

Kabla ya kusema kama huduma hii ni nzuri, ni haki kuuliza tungekuwa na nini bila yake. Tungekuwa na matokeo ya uchaguzi, ambayo hutangazwa na Tume ya Uchaguzi, na makao makuu ya Tume hiyo yapo hapa hapa Njedengwa. Matokeo hayo yanatuambia kwamba mwaka 2010 waliojitokeza kupiga kura walikuwa takribani asilimia 43 ya walioandikishwa, kwamba mwaka 2015 walipanda hadi asilimia 67, na kwamba mwaka 2020 walishuka hadi karibu asilimia 51. Yanatuambia pia nani alipata ngapi katika jimbo gani. Hayatuambii kama aliyebaki nyumbani mwaka 2010 alikuwa amekata tamaa, ameridhika, yuko shambani, au kadi yake ilipotea. Wala hayaturuhusu kusema kwamba kwa kuwa jimbo lenye wakulima wengi wa uwele limekipa chama fulani kura nyingi, basi wakulima wa uwele ndio waliokipa kura hizo. Huenda wakulima hawakutoka kabisa, na kura zikapigwa na wafanyabiashara wa kituo cha mabasi. Kosa hilo la kuhamisha tabia ya eneo na kumvika mtu mmoja mmoja limejaa katika uchambuzi wa magazetini, na halitibiki ila kwa kumwuliza mtu mwenyewe.

Kumwuliza mtu mwenyewe si jambo geni katika siasa zetu. Tume iliyoongozwa na Jaji Mkuu Francis Nyalali mwaka 1991 ilizunguka nchi nzima ikikusanya maoni, ikakuta takribani asilimia 80 ya waliotoa maoni wanataka mfumo wa chama kimoja uendelee na asilimia 20 hivi wanataka vyama vingi, kisha ikapendekeza vyama vingi. Pendekezo hilo mara nyingi husimuliwa kama kioja au kama hekima, kutegemea anayesimulia. Mtu wa takwimu anaona jambo jingine ndani yake: wale waliotoa maoni mbele ya Tume walijileta wenyewe mikutanoni, na wengi wa waliosema wanataka chama kimoja walitaka pia chama hicho kifanyiwe marekebisho makubwa. Swali la ndiyo au hapana lilikuwa limefinya jibu refu. Ukilisoma dodoso la Afrobarometer baada ya kufahamu habari ile, unaelewa kwa nini lina maswali matatu au manne juu ya jambo ambalo mtu mwenye haraka angeliuliza mara moja.

Sasa nije kwenye sampuli, kwa sababu ndipo nilipojikwaa. Kuanzia mwaka 2012, katika mizunguko kadhaa, utafiti huu nchini Tanzania umehoji watu wapatao 2,400. Mizunguko kadhaa iliyotangulia iliishia kwenye watu 1,200 hadi 1,300. Maeneo ya kuhesabia watu, yale yale yanayotumika katika sensa, huchaguliwa kwa nasibu kulingana na ukubwa wa idadi ya watu, na katika kila eneo huhojiwa watu wanane, wanaume kwa wanawake wakipokezana. Kwa hesabu hiyo nchi nzima huwakilishwa na maeneo yapatayo 300, na kwa watu 2,400 ukingo wa makosa, yaani kiasi ambacho jibu la sampuli linaweza kupishana na jibu la watu wote, ni pointi 2 za asilimia juu au chini, kwa uhakika wa asilimia 95. Kwa swali la kitaifa, hicho ni kipimo cha kuaminika kabisa.

Lakini sensa ya mwaka 2022 ilihesabu watu 61,741,120 nchini, na kati yao 3,085,625 wakiwa mkoa wa Dodoma, yaani asilimia 5. Asilimia 5 ya wahojiwa 2,400 ni 120. Watu 120, kutoka maeneo kama 15 hivi, ndio wanaosimama badala ya Kondoa, Chemba, Bahi, Chamwino, Kongwa, Mpwapwa na Jiji lenyewe kwa pamoja. Ukingo wa makosa wa watu 120 ni karibu pointi 9, na kwa kuwa watu wanane wa eneo moja ni majirani wanaokunywa maji ya kisima kimoja na kumsikiliza mwenyekiti mmoja, ukingo halisi ni mpana zaidi ya hapo. Ukiona asilimia 58 ya "wana-Dodoma" wanasema hivi na asilimia 49 ya "wana-Singida" wanasema vile, hujaona kitu. Ukiwagawa hao 120 kwa jinsia wanabaki 60, ukiwagawa tena kwa elimu unafika kwa wanawake wangu.

Zana haikukatazi kufanya hivyo. Inakupa orodha ya mikoa, nawe unabonyeza, na mchoro wa watu wachache hutoka maridadi sawasawa na mchoro wa watu 2,400. Kwa maoni yangu hili ndilo jambo ambalo mtumiaji wa Dodoma hana budi kulijua kabla ya yote, kwa sababu mtu wa Dodoma kwa kawaida hataki kujua habari za Tanzania kwa jumla. Bosi wake amemwomba habari za mkoa. Ipo njia ya kupunguza tatizo, nayo ni kuunganisha mizunguko mitatu ya mwisho katika data ghafi, ukapata wahojiwa 350 au zaidi wa mkoa, mradi useme wazi kwamba unaeleza kipindi cha miaka kadhaa na si mwaka mmoja, na mradi uhakikishe kwamba swali halikubadilishwa maneno katikati.

Baada ya lawama hiyo, sifa. Sehemu bora kabisa ya huduma hii ni maswali ambayo watumiaji wengi hawayafungui. Mwishoni mwa mahojiano mhojiwa huulizwa anadhani ni nani aliyewatuma wahojaji. Mhojaji alikwisha kujitambulisha mwanzoni kwamba hatoki serikalini wala katika chama chochote, na bado, katika nchi nyingi, sehemu kubwa ya wahojiwa hujibu kwamba ametumwa na serikali. Watafiti waliofuatilia jambo hilo wameonyesha kwamba wanaodhani serikali ndiyo iliyotuma huwa na mwelekeo wa kuisifu zaidi. Kwa hiyo asilimia ya imani kwa viongozi, ambayo magazeti huichapisha ikiwa peke yake, ina mwenzake ndani ya faili lile lile, na mchambuzi makini huwatoa wawili hao pamoja.

Nililiona hilo kwa macho yangu tulipoazima baadhi ya maswali hayo kwa zoezi la wanafunzi katika kijiji kimoja cha wilaya ya Bahi. Tulifuata utaratibu wao wote, pamoja na ule wa kumpata mhojiwa kwa kuchagua kadi yenye namba, utaratibu ambao ulizua mjadala katika boma moja pale kadi ilipomwangukia binti wa miaka kumi na tisa huku baba mwenye nyumba amekwisha kuketi kwenye kigoda akingojea kuulizwa. Katika boma lililofuata alihojiwa babu mmoja mpole, aliyetupokea kwa "mbukwenyi" na kibuyu cha maji. Kila taasisi aliyotajiwa alisema anaiamini sana. Kila huduma alisema ni nzuri, hata zahanati ambayo kijiji kile hakikuwa nayo. Mwanafunzi wangu alipofika kwenye swali la mwisho, babu alimtazama kwa huruma akasema, "Mjukuu wangu, si mmetoka Mtumba?"

Fumbo hili ni la zamani kuliko Mji wa Serikali uliopo huko Mtumba. Mwaka 2002 Amon Chaligha wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, pamoja na Mattes, Bratton na Yul Derek Davids, walipochambua matokeo ya mzunguko wa kwanza wa Tanzania, walikuta wananchi wenye imani kubwa sana kwa viongozi na taasisi zao hata pale walipolalamikia uchumi na huduma, wakajiuliza kama hao ni raia wasiohoji au ni watu wenye subira waliokabidhi dhamana na wanangoja kuona. Swali hilo bado linafaa, na faili la data linamruhusu mwanafunzi wa leo kulijaribu mwenyewe, kwa kuwa lina maswali juu ya uhuru wa mtu kusema anachofikiri, juu ya hofu ya vitisho wakati wa kampeni, na juu ya uhuru wa kumchagua mtu amtakaye bila kushinikizwa. Vivyo hivyo kwa swali la kama mhojiwa alipiga kura katika uchaguzi uliopita: popote duniani wanaosema walipiga kura huwa wengi kuliko waliohesabiwa vituoni, kwa sababu kupiga kura ni jambo la heshima na mtu hapendi kujiaibisha mbele ya mgeni. Anayeandika tasnifu kuhusu kujitokeza kwa wapiga kura na kutumia jibu hilo kama lilivyo anapima heshima pamoja na kura.

Kwa upande wa sera za umma, zana inatoa vitu viwili ambavyo mtu wa mipango angepaswa kuvipenda kuliko asilimia za vyama. Kimoja ni kipimo cha umaskini kinachotokana na maswali mepesi: katika mwaka uliopita, wewe au mtu wa familia yako mlikosa mara ngapi chakula cha kutosha, maji safi, dawa au matibabu, nishati ya kupikia, na fedha taslimu? Majibu huanzia hapana kabisa hadi siku zote. Mtu asiyeweza kukuambia kipato chake cha mwezi, na mkulima wa zabibu au wa mtama hawezi, anaweza kukuambia ni mara ngapi alilala na njaa. Kitu kingine ni taarifa ambazo wahojaji hujaza wao wenyewe bila kumwuliza mtu: je, eneo hili lina umeme, bomba la maji, shule, kituo cha afya, barabara ya lami? Ukiziweka sifa hizo za eneo kando ya majibu ya watu unaweza kuuliza swali la sera lenye maana, kwa mfano kama wanaopitiwa na bomba hulalamikia maji kidogo kuliko wasiopitiwa. Sisi tunaotegemea visima vya Mzakwe tunajua kwamba bomba kupita mbele ya nyumba na maji kutoka ni mambo mawili, na data hizi zinalitenganisha hilo vizuri kuliko ripoti nyingi nilizosoma.

Lugha ndiyo kasoro ya pili kwa uzito. Dodoso la Tanzania husomwa kwa Kiswahili, lakini mtumiaji wa zana hukutana na maneno ya Kiingereza, kisha huyarudisha kwenye Kiswahili kwa kichwa chake mwenyewe anapoandika taarifa. Hapo "imani", "kuaminika" na "uaminifu" huchanganywa kama maharage na choroko, na taarifa inayosema wananchi wanawaona wabunge ni waaminifu huwa imetoka kwenye swali lililouliza kama wananchi wana imani nao. Ningependa dodoso la Kiswahili likae kando ya kila jedwali. Hadi hapo litakapowekwa, alitafute mwenyewe kila anayetaka kuandika kwa wasomaji wa Kiswahili.

Wapo watakaouliza kwa nini wasitumie Sauti za Wananchi ya shirika la Twaweza, ambayo huwapigia simu wahojiwa wale wale mara kwa mara na kwa hiyo huleta habari mbichi zaidi. Waitumie. Kwa jambo linalobadilika kwa haraka, kama bei ya chakula au maoni juu ya tangazo jipya la serikali, mwendo wake unafaa zaidi kuliko utafiti wa uso kwa uso unaokuja kila baada ya miaka miwili au mitatu. Anayeingia katika fani hii akumbuke tu kwamba matokeo ya maoni hayaelei hewani: Julai 2018, baada ya Twaweza kuchapisha matokeo yaliyoonyesha kwamba wanaokubali utendaji wa Rais wameshuka hadi asilimia 55 kutoka 96 ya mwaka 2016, Tume ya Sayansi na Teknolojia iliwaandikia ikihoji kibali cha utafiti, na sheria ya takwimu ilirekebishwa mwaka huo na kurekebishwa tena mwaka 2019. Kutumia data zilizokwisha kukusanywa na kuwekwa wazi humwondolea mwanafunzi safari ya vibali, nayo ni faida ambayo haimo katika orodha ya sifa za zana yoyote.

Hukumu yangu, basi, haiwezi kuwa moja. Kwa anayeuliza kuhusu Tanzania nzima, au anayeilinganisha na Kenya, Uganda au Zambia, au anayefuata mabadiliko ya miaka ishirini, sijaona huduma ya bure inayoikaribia, na ningempa alama zote isipokuwa moja ya lugha. Kwa ofisa wa halmashauri anayetaka kujua maoni ya wilaya yake, ningemshauri aifunge kompyuta, achukue maswali ya dodoso hilo yaliyokwisha kujaribiwa, na aende vijijini, tena nje ya miezi ya kulima, la sivyo atahoji wazee na watoto. Kwa mkoa, ni kati na kati, na kazi ya kuunganisha mizunguko haikwepeki.

Kazi hiyo mwishowe niliifanya. Niliunganisha mizunguko mitatu, nikawarudia wanawake wangu wa Dodoma waliofika sekondari, wakawa wamezidi ishirini, na ile tofauti kubwa niliyoiandikia kurasa mbili ikawa imesinyaa kiasi cha kutoonekana. Nilimtumia yule mzee jedwali jipya kwa simu. Alijibu jioni: "Afadhali. Sasa niandikie na ukingo wa makosa."